Maji Yaliyolala

Arlène Mwenze hajui kukaa. Mpe kiti, ataketi ukingoni kama mtu anayengoja kuitwa. Akibandika sufuria ataifunua mara nane, na ya tisa atauliza ni nani aliyeifunua. Marehemu mumewe alikuwa akimtania kwamba hata siku ya mazishi yake mwenyewe atainuka katikati ya ibada kwenda kuhakikisha mlango umefungwa. Watoto wa majirani, pale kwenye makazi ya wakimbizi upande wa Nchelenge, walimpa jina la Mama Nzi, kwa sababu hatui akatulia. Analijua jina hilo na halimuudhi, ila hataki lisemwe mbele ya wageni.

Basi ni ajabu kwamba mtu huyu alipewa kazi ya kungoja.

Maana kupaka kohozi rangi ni kungoja tu, na anayekwambia vinginevyo hajawahi kuifanya. Unachukua kioo kipya chembamba, urefu wa kidole, unakiandika namba kwa penseli. Unavunja kijiti, unatafuta ndani ya kikombe kile kipande kizito chenye manjano, si mate, mate hayasemi kitu, unakitandaza katikati ya kioo kwa mizunguko midogo midogo mpaka kiwe utando mwembamba. Unangoja ukauke. Ukiuharakisha motoni ukiwa mbichi, unachemka na kukurukia usoni. Ukikauka, unakipitisha kioo juu ya taa ya spiriti mara tatu ili utando ushike. Unamwaga rangi nyekundu, unapitisha moto chini yake mpaka mvuke uinuke, lakini rangi isichemke, kisha unangoja dakika tano. Unaosha. Unamwaga spiriti yenye asidi, inayovua rangi kila kitu kilicho dhaifu, dakika tatu. Unaosha tena. Unamwaga bluu, dakika moja, unaosha mara ya mwisho. Kidudu cha kifua kikuu kina ngozi ya nta, na wekundu ukishamwingia hautoki hata umpige asidi. Kwa hiyo chini ya hadubini kila kitu kitakuwa bluu isipokuwa yeye, kijiti chekundu, chembamba, kimejikunja kidogo.

Umeosha mara tatu, kumbuka. Kila kioo kinaoshwa mara tatu, na aoshaye anahitaji maji.

Kliniki yenyewe iko kando ya ziwa Mweru, na jina lake sitalitaja, maana wakubwa wakilisoma hapa wataanza kuchungulia mapipa ya kila mtu. Karatasi zake zinasema Arlène ni mfagizi. Kweli alisomea maabara miaka mitatu ng'ambo ya ziwa, Pweto, kabla bunduki hazijamvusha na mtoto wake Guy upande huu, lakini cheti chake cha Kifaransa huku hakifungui hata kabati. Aliyemfungulia ni Kangwa, bwana maabara, kijana mrefu mpole kutoka Kawambwa. Kangwa alichoka kumkuta mfagizi wake amesimama nyuma ya bega lake akimwambia, kwa Kibemba chenye lafudhi ya ng'ambo, kwamba utando wa leo ni mnene mno. Mwaka wa pili alimvutia kiti. Wakakubaliana hivi: Arlène atapaka rangi na kusoma mara ya kwanza, Kangwa atasoma mara ya pili na kutia sahihi. Wengine walinong'ona. Kangwa alisema anayetaka kunong'ona aje apake vioo arobaini kwa siku, kisha anong'one.

Pampu ya kliniki ilikufa mwezi wa tatu. Vijana wakawa wanaleta maji ya ziwa kwa madumu, na Arlène akaomba pipa la bluu, akalikokota mwenyewe mpaka nyuma ya maabara, akalisugua kwa mchanga, akalifunika kitambaa cheupe. Hapo ndipo alipofanya kazi kwa akili ya mamake. Kwao Pweto mamake alikuwa na sheria mbili za maji. Ya kwanza, maji ya ziwa hayatumiwi siku yanapochotwa: yanalazwa siku mbili tatu, mchanga ushuke, juu pabaki safi. Ya pili, pipa la mwanamke mwenye akili haliachwi likauke. Likifika nusu unaongeza, na mwanamke ambaye pipa lake limekutwa tupu hukosa jibu mbele ya mawifi zake.

Ukitazama maji ya Arlène kwenye glasi ungeyanywa. Yalikuwa yanang'aa. Kangwa mwenyewe aliyasifu. Hata rangi mpya zilipochanganywa, zilichanganywa kwa maji hayo, Arlène akiyachemsha kwanza kwa usafi. Miezi minne pipa lile halikukauka hata siku moja, na mama wa watu alijivuna.

Kliniki ile kwa kawaida hupata wagonjwa wawili au watatu wa kifua kikuu kwa mwezi. Mwezi wa saba, katika wiki tatu tu, walipatikana saba. Arlène alisoma, Kangwa akasoma, wekundu ulikuwepo, sahihi ikatiwa. Walilaumu baridi. Walilaumu moshi wa kukaushia samaki na vyumba ambamo watu wanane wanalala wamefunga dirisha. Hakuna aliyelaumu pipa, kwa sababu nani humlaumu mtu msafi?

Wa saba alikuwa Delphine.

Delphine ni jirani wa Arlène, ua kwa ua, mke wa Jean-Claude anayevusha samaki wa chumvi na sabuni kati ya ng'ambo na huku, na ambaye kwa mwezi anaonekana nyumbani siku sita. Alikuwa na miaka ishirini na miwili na mtoto mmoja, Eddy, wa miezi saba, mnono wa kukunja mapaja. Kikohozi kilikuwa kimemshika mwezi mzima. Siku ya majibu alikaa kwenye benchi la nje amempakata Eddy, na pembeni yake mama mkwe, Mama Mathilde, aliyekuja kutoka Mununga kumwona mjukuu.

Majibu hayakuwa ya Arlène kuyatoa. Kazi hiyo ni ya Sista Lombe, muuguzi wa kifua kikuu, na siku hiyo Sista Lombe alikuwa chumba cha uzazi na mama aliyekataa kuzaa haraka. Mtu mwingine angengoja. Arlène alipita mbele ya benchi lile mara ya kwanza na ndoo, mara ya pili bila ndoo, mara ya tatu akasimama.

"Delphine, mudogo wangu, ni TB," alisema. "Lakini usiogope. Dawa iko, utapona."

Delphine alitazama chini. Arlène akamgeukia Mama Mathilde, na hapa ndipo mdomo ulipoponza kichwa. "Mama, mutoto asikae karibu na mama yake. Na ile maziwa, aache kwanza."

Aliyasema kwa uhakika wa mtu aliyesoma. Mama Mathilde hakuuliza mara mbili. Aliinuka, akamnyanyua Eddy kutoka mapajani mwa mamake, akamfunga mgongoni, na kesho yake alfajiri walikuwa barabarani kwenda Mununga. Sista Lombe alipotoka chumba cha uzazi alimkuta Delphine peke yake, akampa vidonge na maelezo yake yote, akamwambia siku inayofuata aje na mtoto. Siku hiyo Delphine alikuja mikono mitupu, akasema mtoto amesafiri na bibi yake. Ilikuwa kweli, na hakuongeza neno.

Siku kumi na mbili zilipita. Kila asubuhi Delphine alimeza dawa zake, kisha akaenda nyuma ya nyumba, akainama, akakamua maziwa udongoni ili yasimkauke. Arlène alimwona juu ya ua wa matete. Aliona mara moja, na tangu hapo kila asubuhi alijikuta yuko kwenye ua ule bila kujua alichofuata. Simu za Mununga zilisema Eddy anatema uji. Kisha zikasema anaharisha. Kisha zikasema mapaja yamekwisha.

"Atazoea," Arlène alimwambia Delphine. Alilisema neno hilo mara nyingi mpaka likamchosha mwenyewe.

Jumatatu moja Kangwa alikuwa Mansa kwenye mafunzo. Arlène alibaki peke yake na vioo kumi na kimoja. Cha tatu kilikuwa cha mzee mvuvi mwenye kikohozi kikavu. Alisoma utando, akaona vijiti viwili vitatu vyekundu, akashusha pumzi: wa nane. Angeandika na kuendelea. Lakini mkono wake, ambao haujui kutulia, uliendelea kukisogeza kioo, ukavuka utando, ukatoka pembeni kabisa, mahali ambapo hakutandaza kitu. Kioo kitupu.

Na pale pembeni kulikuwa na vijiti vyekundu.

Aliinua kichwa, akafuta lenzi, akatazama tena. Vilikuwepo, vimekaa kwa mafungu, tena juu juu, si ndani ya utando bali kama vilivyodondokea hapo. Hakuna mtu anayekohoa pembeni ya kioo. Alichukua kioo kipya kutoka kwenye boksi, hakuweka juu yake kitu chochote, si kohozi wala mate, akakipitisha motoni mara tatu, akakimwagia nyekundu, akakiosha, asidi, akakiosha, bluu, akakiosha. Alipaka rangi utupu. Zile dakika tano alizungukia meza mara nyingi kiasi kwamba mgonjwa aliyekuwa mlangoni aliuliza kama kuna nyoka.

Kioo cha utupu kilikuwa na kifua kikuu.

Alitoka nyuma, akafunua kitambaa cheupe, akaingiza mkono pipani mpaka kwapani, akapapasa ukuta wa ndani. Ulikuwa unateleza. Ute mwembamba, usioonekana, uliojijenga miezi minne katika maji yanayolala na kamwe yasiyokauka. Humo ndimo wanamozaliwa ndugu wa yule kidudu, wasio na ubaya kwa mtu, wenye ngozi ile ile ya nta. Kuwachemsha hakukusaidia kitu, kwa kuwa hata aliyekufa anakula rangi. Aliyajua hayo. Aliyasoma Pweto, ukurasa fulani, mwaka fulani, akafaulu mtihani, akayasahau mbele ya sheria za mamake.

Watu saba. Na Eddy, Mununga, anatema uji.

Alimpigia Kangwa, simu ilikuwa imezimwa. Akapiga tena. Jambo la kufanya lilikuwa wazi: kungoja Alhamisi Kangwa arudi, kupata maji safi ya hospitali, kuchanganya rangi mpya, kupima upya, kisha kusema. Usiku ule hakulala; alifagia nyumba iliyokwisha kufagiliwa, na Guy akamwomba kwa jina la Yesu amwache apate usingizi. Jumanne kulipopambazuka alikuwa kwa Delphine na kikombe cha kohozi mkononi, akijiapia kwamba amekuja kuchukua kohozi tu.

"Yaya, kuko nini? Umekuja mbio," Delphine alisema; Yaya kwao ni dada mkubwa.

"Kohoa humu. Ile ya mbali, ya mu kifua."

"Juu ya nini tena? Si mulishapima?"

Kulikuwa na majibu mia moja ya uongo usio na madhara. Ni desturi, angeweza kusema. Ni ya mwezi. Arlène alimtazama, nguo yake imeloa kifuani mahali pawili, na moyo ukamshinda.

"Inawezekana ni maji," alisema. "Mu pipa yangu muko bidudu binafanana na bya TB. Inawezekana weye hauna na kintu."

"Basi sina."

"Sikusema vile! Nimesema inawezekana. Ngoja Ba Kangwa arudi, tupime muzuri, alafu..."

"Nimesikia, Yaya."

Lakini alichosikia ni kile anachosikia mama yeyote. Delphine alikohoa kikombeni, kohozi zito, akafunga kifuniko, akamkabidhi kwa mikono miwili kama anayelipa nauli. Saa sita mchana mlango wake ulikuwa na kufuli. Pakiti ya vidonge ilikuwa dirishani, imewekwa vizuri, hata haikufichwa. Mwenye duka alisema amemwona akipanda gari la samaki la kwenda Mununga, na alikuwa anacheka.

Kuanzia hapo mpaka Alhamisi Arlène hakukalika. Alienda dirishani kwa Delphine kuhesabu vidonge, kana kwamba vingepungua vyenyewe. Alimwaga pipa lote, akalipindua, akalisugua kwa jiki mpaka macho yakamwasha, jambo ambalo lilimsaidia yeye na halikumsaidia mtu mwingine yeyote. Alijipa moyo. Wote saba, alijiambia, ni maji, lazima wote ni maji, Delphine amekohoa moshi tu, amefanya vizuri kwenda. Kisha anakumbuka lile kohozi zito kikombeni, anainuka tena.

Kangwa aliporudi alimkuta amesimama getini. Alimweleza yote pale pale, begi la Kangwa likiwa bado begani: pembeni ya kioo, kioo cha utupu, ute wa pipa, watu saba. Hakujipunguzia neno. Kangwa hakupaza sauti, na Arlène angefurahi kama angepaza. Alitua begi. Alikaa kitako kwenye ngazi ya maabara, akavua kofia.

"Na mimi nilivisoma, Bana Guy," alisema kwa Kibemba, akimwita hivyo mama wa Guy. "Vioo vyote saba. Niliona nyekundu nikatia sahihi. Sikuenda pembeni hata mara moja."

"Maji ni yangu."

"Maji ni yako, sahihi ni yangu. Barua kwa wakubwa wa mkoa itakuwa na majina mawili." Akaigeuza kofia mikononi. "Lakini kile kiti hutakikalia tena mpaka wakaguzi wa mkoa waje. Mimi sina la kufanya hapo."

Arlène aliitika. Ilimuuma, tena sana, lakini maumivu yale yalikuwa ya kuwekwa pembeni, atayarudia akipata nafasi.

Pikipiki ilileta maji safi ya hospitali kubwa, yale yaliyochujwa mpaka hayana kitu. Rangi mpya zikachanganywa. Wale sita wakaitwa, wakakohoa upya; kikombe cha Delphine kilikuwepo tangu Jumanne. Kangwa alipaka mwenyewe, na kwanza kabisa alipaka kioo kitupu; kikatoka bluu tupu, safi. Arlène alikuwa nje na mopu, akipiga deki sehemu moja ya baraza mpaka saruji ikamshangaa. Kupitia dirishani alihesabu dakika tano za nyekundu. Alihesabu tatu za asidi. Ijumaa saa nne Kangwa alitoa kichwa.

"Sita ni safi. Nimepita kila kioo mara mbili, mpaka pembeni."

"Na Delphine?"

"Ingia. Ukae utazame, hii moja nakuruhusu."

Alikaa. Alisogeza kioo kwanza pembeni: bluu, hakuna kitu. Upande wa pili: hakuna kitu. Kisha akaingia katikati, ndani ya utando, kati ya chembe za kifua cha Delphine, na vilikuwepo, vijiti vyekundu, viwili viwili, vitano vitano, kila aliposogeza kioo. Hii haikuwa ya pipa. Ilikuwa kweli tangu siku ya kwanza, ikakaa safu moja na uongo wa watu sita, na yeye ndiye aliyekwenda kumwambia mwenyewe kwamba pengine si kitu.

Sista Lombe aliingia kuchukua majibu. Aliposikia kwamba Delphine ameacha vidonge tangu Jumanne alishika kiuno.

"Siku nne! Na mtoto yuko naye?"

"Sasa yuko naye," Arlène alisema. "Kabla ya hapo alikuwa kwa bibi yake. Aliachishwa, kwa sababu ya ugonjwa."

"Aliachishwa? Na nani?"

Kangwa alianza kupanga vioo vilivyokwisha kupangwa.

"Mimi nilimwambia aje na mtoto," Sista Lombe aliendelea, sauti ikipanda. "Nikadhani wameenda matembezi! Mama akianza dawa ananyonyesha, Bana Guy. Anafunika mdomo na pua kwa kitambaa, anakaa penye hewa, ananyonyesha. Mtoto analetwa hapa tunampima, tunampa dawa yake ya kinga. Kumtenga mtoto wa miezi saba na ziwa la mamake, akaharisha huko, ndiko kumuua. Nani kamfundisha mtu upuuzi huo?"

"Mimi," alisema Arlène.

Maji yalikuwa kosa, na kosa la maji lina barua, wakaguzi na sabuni. Lakini Eddy hakuchukuliwa na maji. Hata kama pipa lingekuwa safi, jibu la Delphine lingekuwa lile lile, na neno la benchini lingekuwa lile lile. Arlène aliona hivyo akiwa amesimama pale, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu hakuwa na pa kuukimbizia mwili wake.

Sista Lombe hakuweza kuondoka kwenda Mununga. Alikuwa peke yake zamuni. Alimpa Arlène vidonge, barakoa, karatasi yenye mhuri. Jumamosi Arlène alipanda nyuma ya lori dogo la samaki lililokuwa linarudi Mununga na maboksi matupu, akasafiri njia nzima amesimama ameshika kamba, huku dereva akimpigia kelele akae asije akaanguka. Kichwani alikuwa anapanga maneno. Alipanga yale ya ugonjwa kwanza, akayapangua. Alipanga ya mtoto kwanza, akayapangua. Akafika hana hata moja.

Nyumba ya Mama Mathilde iko juu kidogo ya ufuko, na mbele yake, kwenye nyavu zilizotandikwa mchangani, dagaa wa chisense walikuwa wanakauka. Wanawake wa jirani walikuwa wanawapindua. Delphine alikuwa ameketi kwenye mkeka kivulini mwa ukuta, mguu mmoja ameunyoosha, Eddy kifuani. Mtoto alikuwa amekonda shingo, lakini alinyonya kwa nguvu, kiganja chake kimeshika shanga za mamake. Delphine alimwona mgeni, akatabasamu kwa uso wote.

"Yaya! Njoo uone mutoto wako. Alinikumbuka palepale. Sikia namna anavuta!"

Mama Mathilde alileta kigoda. Arlène hakukaa.

"Delphine," alisema. "Ba Kangwa amerudi. Tumepima tena ile ya Jumanne. TB iko. Ni ya kweli."

Mikono ya wanawake nyavuni ilisimama. Mama Mathilde ndiye aliyeongea kwanza, naye aliongea ili wasikie.

"Leo mumeosha na maji gani, Mama Guy?"

Mtu mmoja alicheka, na wengine wakafuata. Arlène aliwaacha wamalize, maana alistahili.

"Na maji ya hospitali, Mama. Benye kupima upya ni saba. Sita habana kintu. Delphine peke yake njo iko nayo. Niliona na macho yangu, na Ba Kangwa aliona."

"Maji, haina maji, mi sijui mambo yenu," Mama Mathilde alisema, na kicheko kilikuwa kimemwisha. Alishakiacha kigoda. Alisimama mbele ya mkeka, mikono miwili mbele. "Leta mutoto."

Delphine hakubisha. Mkono ulitangulia akili: aliingiza kidole pembeni mwa kinywa cha Eddy, akamtoa ziwani, na Eddy akapiga yowe, uso wote ukawa kinywa.

"Hapana!" Arlène aliingia kati yao. "Mama, umuache! Usimukamate!"

"Si weye ulisema? Ni weye, pale ku benchi, na kinywa yako!"

"Ni miye. Ile neno haikutoka mu mikroskope. Haikutoka kwa Sista, haikutoka mu kitabu. Ilitoka mu kinywa yangu tu. Niliogopa, nikasema, nikajifanya najua." Akaitoa karatasi ya Sista yenye mhuri. "Delphine anakunywa dawa kila siku, anafunika kinywa, ananyonyesha. Jumatatu munaleta mutoto kwa Sista, naye anapata dawa yake. Mutoto hatoki kwa mama yake. Hakukuwa na siku ya kumutoa, hata moja."

Delphine alikuwa amemkumbatia mtoto anayelia, hampi bibi wala hamrudishi ziwani.

"Siku kumi na mbili, Yaya," alisema. "Nilikuwa namwanga maziwa mu udongo."

"Najua. Nilikuwa nakuona."

Arlène alingoja tusi, angelipokea kama dawa. Halikuja. Alinyoosha pakiti ya vidonge na barakoa, lakini Delphine hakuvitazama.

"Ile ya mutoto," Delphine alisema. "Sema tena. Sema na Kibemba, bale pale nabo basikie muzuri."

Arlène aligeukia nyavu. "Umwana ekale na nyina," alisema. Mtoto akae na mamake.

"Na nguvu."

"Umwana ekale na nyina!"

Wanawake walitazamana. Mama Mathilde alikuwa bado amenyoosha mikono, macho yake kwa mjukuu.

"Kwake yeye," Delphine alisema. "Umwambie yeye."

Arlène alimgeukia Mama Mathilde, akayasema mara ya tatu, polepole, kwa Kiswahili, uso kwa uso. Mama Mathilde alishusha mikono. Delphine alichukua barakoa, akaivaa, akamrudisha Eddy kifuani mpaka kilio kikazibwa, kisha akanyoosha kiganja apokee vidonge.